Utegemezi wa Maktaba katika Linux: Jinsi ya Kufufua Programu Kongwe

Utangulizi

Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kuhesabu hasara za lugha kwa vitabu visivyochapishwa tena, miswada iliyoliwa na mchwa na kanda za sauti zilizoharibika kabatini. Ipo hasara nyingine ambayo aghalabu haitajwi, nayo ni ya programu za tarakilishi zilizoundwa kwa Kiswahili au kwa ajili ya Kiswahili, ambazo bado zipo kwenye diski lakini hazifunguki. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani toleo la Kiswahili la OpenOffice.org. Ili kulitoa, watafsiri walilazimika kuamua kila amri ya menyu iitweje, kila onyo lisomeke vipi na kila kitufe kipewe jina gani. Kwa mwanafunzi wa istilahi, programu ya aina hiyo ni hati ya kihistoria sawa na kamusi. Hata hivyo, kamusi ya mwaka 2004 husomeka leo bila tatizo, ilhali programu ya mwaka 2004 ikiwekwa kwenye tarakilishi ya leo huenda ikatoa mstari mmoja wa malalamiko na kufa papo hapo.

Mara nyingi malalamiko hayo huhusu maktaba fulani kutopatikana. Makala haya yananuia kueleza maana ya ujumbe huo katika mfumo wa Linux, chanzo chake, na hatua za kufuata ili kuutatua bila kuiharibu tarakilishi. Yameandikwa kwa kumlenga msomaji wa Kiswahili ambaye si mtaalamu wa tarakilishi, lakini ambaye huenda siku moja akakabidhiwa programu ya zamani ya kuchanganulia matini, kamusi ya kielektroniki au kazi ya mtafiti aliyemtangulia, na kuambiwa aifungue.

Maana ya Maktaba katika Tarakilishi

Neno maktaba lina asili ya Kiarabu na limetoka katika mzizi mmoja na kitabu na katibu. Katika lugha ya tarakilishi, maana yake imepanuka. Maktaba ni faili yenye mafungu ya maagizo yaliyokwisha kutayarishwa, ambayo programu nyingi zinaweza kuyaazima. Kuchora dirisha kwenye skrini, kupanga maneno kialfabeti, kusimba siri kabla ya kuituma mtandaoni: hizi ni kazi zinazohitajika na mamia ya programu. Badala ya kila mwandishi wa programu kuziandika upya, huandikwa mara moja, zikawekwa katika maktaba, na programu zote zikaielekea maktaba hiyo. Hapa msemo kwamba kidole kimoja hakivunji chawa unatimia kikamilifu.

Katika Linux, faili za maktaba za kushirikiana hutambulika kwa herufi "so" katika majina yake. Kwa mfano, libc.so.6 ni maktaba ya msingi inayotegemewa na takriban kila programu, nayo libstdc++.so.5 na libstdc++.so.6 ni maktaba za programu zilizoandikwa kwa lugha ya C++. Herufi "lib" mwanzoni ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana hiyohiyo ya maktaba.

Ushirikiano huu una faida mbili kubwa. Ya kwanza ni kubana nafasi, kwa kuwa nakala moja kwenye diski na katika kumbukumbu hutumikia programu nyingi. Ya pili ni urahisi wa kutibu kasoro. Mnamo Aprili 2014 ilitangazwa kasoro kubwa ya usalama iliyopewa jina la Heartbleed, ambayo ilikuwa ndani ya maktaba ya OpenSSL. Kwa sababu programu nyingi ziliazima maktaba hiyo badala ya kubeba nakala zake binafsi, wasimamizi wa mifumo waliweza kusakinisha maktaba moja iliyorekebishwa, wakaziwasha upya huduma zao, na programu zote zilizoitegemea zikapona kwa pamoja.

Hata hivyo, ushirikiano huohuo ndio chanzo cha tatizo linalozungumziwa. Programu iliyoazima haijitoshelezi. Siku ambapo maktaba iliyoiegemea inaondolewa na kuwekwa mpya isiyolingana nayo, programu hubaki kama nyumba iliyong'olewa nguzo.

Kiungaji na Kazi Yake

Mtumiaji anapoamuru programu ianze, kiini cha Linux hakiianzishi moja kwa moja. Kwanza husoma ndani ya faili ya programu jina la msaidizi anayepaswa kuitwa. Msaidizi huyo ni programu ndogo ambayo katika makala haya itaitwa kiungaji. Kwenye mashine za kawaida za biti 64 hujulikana kwa jina la ld-linux-x86-64.so.2, na kwa programu za biti 32 za aina ya i386 jina lake ni ld-linux.so.2.

Kiungaji husoma orodha ya maktaba ambazo programu inazidai, kisha huzitafuta. Hutazama saraka zilizotajwa ndani ya programu yenyewe na zile zilizotajwa katika kigeu kiitwacho LD_LIBRARY_PATH. Asipoipata maktaba huko, hufungua daftari lililohifadhiwa katika /etc/ld.so.cache, ambalo huandaliwa na amri "ldconfig". Mwisho huzikagua saraka za kawaida kama vile /lib na /usr/lib. Maktaba ikipatikana, kiungaji husoma orodha ya maktaba ambazo nayo inazitegemea, na utafutaji huanza upya. Utegemezi basi ni mnyororo. Ikikosekana pete moja tu, kazi yote husimama, na kiungaji hulitaja jina la maktaba ya kwanza iliyokosekana. Maadamu hutaja moja tu, mtumiaji anayeitafuta hiyo pekee huweza kushangaa anapoipata na kuambiwa kwamba kuna nyingine.

Nambari ya Toleo na Upatanisho wa Kisarufi

Swali ambalo huwakanganya wengi ni hili: tarakilishi ina libstdc++.so.6, programu inadai libstdc++.so.5, kwa nini mpya isitumike mahali pa kongwe?

Jibu linaweza kueleweka kwa wepesi kupitia sarufi ya Kiswahili. Programu na maktaba huhusiana kama nomino na kitenzi chake. Kuna makubaliano kati yao kuhusu majina ya kazi, mpangilio wa taarifa zinazopitishwa na ukubwa wa kila taarifa. Makubaliano hayo ni upatanisho. Sentensi "paa limeanguka" na "paa ameanguka" zina nomino yenye umbo moja, lakini ya kwanza itamtia wasiwasi mwenye nyumba na ya pili itamfurahisha mwindaji. Umbo la neno pekee halitoshi. Kiambishi cha upatanisho ndicho kinachoamua ni paa yupi au lipi anayezungumziwa.

Nambari iliyo mwishoni mwa jina la maktaba hufanya kazi ya kiambishi hicho. Waandishi wa maktaba wanapoongeza mambo mapya bila kuvunja makubaliano ya zamani, huiacha nambari kama ilivyokuwa. Wanapoyavunja, huibadilisha ili programu za kale zisije zikafikiri kwamba bado zinazungumza na mwenzi yuleyule. Kitafsiri cha GCC, ambacho hugeuza msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine, kilitumia libstdc++.so.5 katika matoleo yake ya 3.2 na 3.3. Toleo la 3.4, lililotoka mwaka 2004, lilihamia libstdc++.so.6, nambari ambayo imebaki hivyo hadi leo. Kwa hiyo programu ya C++ iliyojengwa mwaka 2003 kwa GCC 3.3 na programu iliyojengwa mwaka 2005 kwa GCC 3.4 zinadai maktaba mbili tofauti, ingawa umri wao umekaribiana.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa OpenSSL. Toleo la 1.1 lilitumia jina libssl.so.1.1. Toleo la 3.0, lililotolewa Septemba 2021, linatumia libssl.so.3. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022 ikiwa na toleo jipya pekee, programu nyingi ambazo hazikuwa kongwe hata kidogo zilikwama kwa kukosa libssl.so.1.1. Ukongwe katika ulimwengu huu haupimwi kwa miaka mingi; programu ya miaka miwili inaweza kuitwa kikongwe.

Maktaba ya libc.so.6 ni kinyume cha hali hiyo. Jina lake halijabadilika kwenye mashine za kawaida za Linux tangu mwaka 1997. Waandishi wake huhifadhi ndani ya faili moja matoleo kadhaa ya kazi ileile, kila moja likiwa na muhuri wake. Programu kongwe hupata kazi yenye muhuri wa zamani, na mpya hupata yenye muhuri mpya. Ndiyo sababu programu ya zamani kwa kawaida hukubaliana na libc mpya, bali programu mpya hukataa libc ya zamani, ikilalamika kwamba muhuri kama GLIBC_2.34 haukupatikana. Malalamiko ya namna hii ya mwisho hayatatuliwi kwa kutafuta maktaba ya zamani; yanaashiria kwamba mfumo wenyewe ndio uliopitwa na wakati.

Kutambua Kinachokosekana

Tabibu hatoi dawa kabla ya kupima. Hatua ya kwanza ni kuusoma ujumbe wa kosa kwa makini, kwa kuwa ujumbe unaofanana unaweza kuwa na sababu tofauti. Hali nne hujitokeza mara kwa mara.

Kwanza, ujumbe hutaja jina la maktaba na kusema haikuweza kufunguliwa. Hapa maktaba haipo, au ipo katika saraka ambayo kiungaji hakiijui.

Pili, ujumbe husema kwamba faili haipo, ilhali mtumiaji anaiona faili ya programu kwa macho yake. Ujumbe huu umewapotezea wengi siku nzima. Kisichokuwepo si programu, bali ni kiungaji chake. Hutokea hasa pale ambapo programu ya biti 32 inaendeshwa kwenye mfumo wa biti 64 usiokuwa na ld-linux.so.2.

Tatu, ujumbe husema kwamba maktaba iliyopatikana ni ya aina isiyofaa. Maana yake ni kwamba programu ya biti 32 imekutana na maktaba ya biti 64, au kinyume chake. Hizi mbili haziwezi kuchanganywa ndani ya programu moja.

Nne, maktaba ipo na jina lake ni sawa, lakini kazi fulani au muhuri fulani haumo ndani yake.

Ili kutofautisha hali hizi, amri "file" ikifuatwa na jina la programu humweleza mtumiaji kama programu ni ya biti 32 au 64 na inaitisha kiungaji kipi. Amri "ldd" huorodhesha mnyororo wote wa maktaba na kuonyesha kila moja imepatikana wapi au kwamba haikupatikana. Faida ya "ldd" ni kuonyesha mapengo yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Ni muhimu kutaja, hata hivyo, kwamba katika mazingira fulani "ldd" huweza kuiendesha programu inayochunguzwa. Kwa hiyo haifai kutumiwa kwa faili iliyotoka kwa mtu asiyeaminika. Katika hali hiyo, "objdump -p" au "readelf -d" husoma orodha ya mahitaji ya programu bila kuiendesha, ingawa huonyesha mahitaji ya moja kwa moja tu.

Njia za Utatuzi

Zipo njia kadhaa, na ni busara kuzifuata kuanzia iliyo nyepesi hadi iliyo nzito.

Njia ya kwanza ni kumwelekeza kiungaji. Ikiwa maktaba ipo kwenye diski lakini katika saraka isiyo ya kawaida, mathalani /opt au /usr/local/lib, msimamizi wa mfumo huandika jina la saraka hiyo katika faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d, kisha huendesha "ldconfig" ili daftari liandikwe upya.

Njia ya pili ni kusakinisha kifurushi kutoka katika hazina rasmi ya mkusanyiko wa Linux unaotumika. Kwa kuwa jina la kifurushi si lazima lifanane na jina la faili, katika Debian na Ubuntu amri "apt-file search" hutafuta ni kifurushi kipi chenye faili fulani, na katika Fedora kazi hiyo hufanywa na "dnf provides". Debian iliendelea kuweka kifurushi cha libstdc++5 katika hazina yake kwa miaka mingi baada ya GCC 3.4 kutoka, kwa ajili ya programu za aina hii. Msomaji atahadhari pia kwamba majina ya vifurushi hubadilika. Katika Ubuntu 24.04, vifurushi kadhaa viliongezewa "t64" mwishoni mwa majina yake, kwa mfano libasound2t64, kutokana na marekebisho ya kuziandaa tarakilishi kwa tarehe 19 Januari 2038, siku ambapo hesabu ya wakati ya biti 32 itafika ukingoni.

Ikiwa programu ni ya biti 32 na mfumo ni wa biti 64, hazina ya biti 32 haina budi kufunguliwa kwanza. Katika Debian na Ubuntu, hatua ni tatu:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386 libstdc++5:i386

Mstari wa mwisho huleta kiungaji cha biti 32 pamoja na maktaba husika, iwapo bado imo katika hazina ya toleo linalotumika. Uzuri wa kutumia "apt" ni kwamba nayo huufuata mnyororo; libstdc++.so.5 huihitaji libgcc_s.so.1, na "apt" huileta bila kuombwa.

Inafaa ifahamike kwamba mlango huu haukubaki wazi kwa bahati tu. Mnamo Juni 2019, kampuni ya Canonical ilitangaza kwamba Ubuntu ingeacha kutoa vifurushi vya i386 kuanzia toleo la 19.10. Watumiaji wa programu kongwe, hasa michezo ya tarakilishi na programu ya Wine, walilalamika, na katika muda wa siku chache kampuni hiyo ikakubali kuendelea kutoa vifurushi teule. Vilevile, Debian 13 iliyotolewa Agosti 2025 haitoi tena kiini wala kisakinishi cha i386, ila imeziacha maktaba za i386 ili programu kongwe ziweze kuendeshwa juu ya mashine za biti 64.

Njia ya tatu hutumika pale ambapo maktaba imekwisha kuondolewa katika hazina ya sasa. Mradi wa Debian huhifadhi matoleo yake ya zamani katika archive.debian.org, na katika snapshot.debian.org huhifadhi hazina jinsi ilivyokuwa kwa tarehe mbalimbali kuanzia mwaka 2005. Akiba haiozi. Kifurushi kikishapatikana, haipendekezwi kukisakinisha katika mfumo, kwa sababu kinaweza kugongana na vipya. Ni bora kukifungua kando kwa amri "dpkg-deb -x", kuzinakili faili za maktaba zinazohitajika katika saraka ya faragha, na kuandika faili fupi ya kuanzishia programu, kwa mfano:

#!/bin/sh
LD_LIBRARY_PATH=/opt/kongwe/maktaba exec /opt/kongwe/programu "$@"

Kwa namna hii, maktaba kongwe huonwa na programu hiyo pamoja na programu zile tu ambazo yenyewe itaziita. Sharti moja lizingatiwe: libc.so.6 ya zamani isiwekwe katika saraka hiyo. Libc na kiungaji ni mapacha waliozaliwa pamoja, na libc ya zamani ikikutanishwa na kiungaji kipya, programu huanguka.

Njia ya nne ni kuijengea programu ulimwengu wake. Ikiwa mnyororo wa maktaba ni mrefu mno, kuzifukuza moja moja ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Amri "debootstrap" huweza kusimika ndani ya saraka moja mfumo mzima wa Debian wa zamani, mathalani toleo la 3.1 lililotoka Juni 2005, na amri "chroot" ikaiingiza programu humo. Programu hutazama pande zote na kuona mwaka 2005, ingawa kiini kinachoitumikia ni cha leo. Kontena za aina ya Docker, ambazo zilianza kuenea mwaka 2013, zinafuata wazo hilohilo. Programu yenye madirisha itahitaji pia kuelekezwa kwenye skrini ya mfumo wa nje, kazi inayofanywa kwa kigeu DISPLAY. Ikiwa hata kiini kipya hakielewani na programu, hubaki mashine pepe, ambayo huiga tarakilishi nzima pamoja na kiini chake cha zamani.

Njia ya tano, ambayo ndiyo tiba ya kudumu, ni kuijenga programu upya kutoka katika msimbo chanzo kwa kitafsiri cha leo. Programu hupata maktaba za leo na utegemezi wa kale hutoweka. Njia hii huwezekana tu pale ambapo msimbo chanzo ulihifadhiwa na leseni inaruhusu. Huenda pia ikahitaji marekebisho, kwa kuwa lugha za programu nazo hubadilika kama lugha za binadamu.

Mambo ya Kuepukwa

Ushauri unaorudiwa sana ni kutengeneza njia ya mkato yenye jina la maktaba ya zamani inayoelekeza kwenye maktaba mpya. Kwa mfano, libssl.so.1.1 iwe jina tu na nyuma yake iwepo libssl.so.3. Huku ni kuandika "paa limeanguka" na kumletea msomaji mnyama. Pengine programu itakataa mara moja, na hiyo ni heri. Hatari kubwa ni programu kukubali, ikaendelea kufanya kazi, na kutoa majibu yenye makosa ambayo hakuna anayeyatambua. Mtafiti anayehesabu mara ambazo kiambishi fulani kimetokea katika matini hawezi kumudu kosa la namna hiyo.

Pili, libc.so.6 ya mfumo isibadilishwe kwa mkono. Hata amri ndogo ya kuorodhesha faili huitegemea. Ikiharibika, mtumiaji hubaki na tarakilishi ambayo haiwezi hata kunakili faili ya kujiokolea.

Tatu, faili za maktaba zisichukuliwe kutoka katika tovuti zisizojulikana. Maktaba huendeshwa ndani ya programu kwa uwezo uleule wa programu, na mgeni mbaya akiingia kupitia mlango huo huwa ameingia nyumba nzima.

Nne, maktaba kongwe isiachwe wazi mtandaoni. OpenSSL 1.1.1 iliacha kupokea marekebisho ya bure ya usalama mnamo Septemba 2023, hivyo kasoro zinazogunduliwa baadaye hubaki humo. Programu inayohitaji maktaba kama hiyo iendeshwe katika kontena au mashine pepe iliyokatiwa mtandao, kila inapowezekana.

Funzo kwa Wanaohifadhi Kazi za Kiswahili

Kabla ya kuanza safari ndefu ya kufufua programu, inafaa kuuliza: kinachohitajika ni programu au ni kilichoandikwa nayo? Ikiwa ni tasnifu iliyoandikwa kwa OpenOffice.org 1.1 na kuhifadhiwa katika faili ya .sxw, hakuna haja ya kuisaka programu ya zamani. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, bado inaifungua faili hiyo. Tena, faili yenyewe ni furushi la aina ya zip lenye matini ya kawaida ndani yake, na hata bila LibreOffice maneno ya mwandishi yanaweza kuokolewa. Kinyume chake, ikiwa kinachotafutwa ni istilahi za menyu na maonyo, basi programu ndiyo matini yenyewe, na juhudi za kuifufua zina maana.

Aidha, tatizo hili huzuilika tangu mwanzo. Mwanafunzi anayekabidhi idara yake programu ya kuchanganulia mofolojia, orodha ya maneno au kamusi ya kielektroniki anaweza kuambatisha vitu vitano visivyochukua nafasi kubwa: msimbo chanzo, jina na toleo la mkusanyiko wa Linux alioutumia, toleo la kitafsiri, orodha ya maktaba iliyotolewa na "ldd" siku programu ilipokuwa ikifanya kazi, na data yenyewe katika matini ya kawaida iliyosimbwa kwa UTF-8. Orodha hiyo ya "ldd" ni mstari mmoja wa amri. Miaka kumi baadaye itamwokolea mtu mwingine juma zima la kubahatisha.

Suala la istilahi nalo lisipuuzwe. Maneno kama maktaba, kifurushi, kiini, saraka na kiungaji yanaonyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza mambo haya hadi undani wake. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyaandika. Lugha isiyotumika kueleza jinsi tarakilishi inavyokwama itabaki kutafsiri vitufe tu, na mwenye tatizo ataendelea kulazimika kulieleza kwa lugha ya kigeni.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kukosekana kwa maktaba katika Linux si ishara kwamba programu imekufa. Ni upatanisho uliovunjika kati ya programu iliyojengwa wakati mmoja na mfumo wa wakati mwingine. Mtumiaji anayesoma ujumbe wa kosa, akaupima mnyororo kwa "file" na "ldd", akatafuta kwanza katika hazina rasmi, kisha katika hifadhi za zamani, na mwisho akaijengea programu mazingira yake, mara nyingi hufanikiwa. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Programu za Kiswahili za miaka ya 2000 ni mbachao wa wanafunzi wa lugha hii. Zilitengenezwa kwa jasho, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba tarakilishi ingeweza kuzungumza Kiswahili, na nyingi kati yake bado zinaweza kufunguka iwapo atapatikana mtu mwenye subira ya kutafuta pete iliyokatika.